Gauni la vikoi viwili: kukata na kushona bila kuivunja milia

Picha ninazotumiwa na wasomaji zinafanana kama watoto wa baba mmoja. Gauni limeshonwa vizuri, shingo imekaa, mikono iko sawa, lakini ukitazama ubavuni, mlia mwekundu wa mbele umepishana na wa nyuma kwa vidole viwili. Au pindo la chini limepanda kushoto na kushuka kulia. Au gauni lilimtosha mwenyewe Jumamosi, likafuliwa Jumapili, na Jumatatu likawa la mdogo wake.

Kosa ni moja: kikoi kimekatwa kama kitenge. Milia ya kitenge imechapwa juu ya kitambaa. Milia ya kikoi ni nyuzi zenyewe, zimenyooka kutoka mwanzo wa nguo hadi mwisho, na hakuna fundi awezaye kuzifundisha zifuate nyonga ya mtu. Ukikata pindo la mviringo, mkasi unakwenda njia yake na mlia njia yake.

Kwa hiyo hapa hatukati mviringo, isipokuwa shingoni na kidogo kwapani. Tunashona gauni la mistatili: sketi inatoka kikoi cha kwanza, sehemu ya juu inatoka cha pili, na kingo za kitambaa zinabaki kama alivyoziacha mfumaji. Halina zipu, hufungwa kiunoni kwa mkanda wa kikoi hichohicho. Anayejua kushona mshono ulionyooka kwa cherehani ya miguu anaweza kulimaliza kwa siku mbili, ukiacha siku za kufua.

Vitu vya kuwa navyo

- Vikoi viwili vinavyofanana. Vya kufumwa kwa mkono, pamba tupu.
- Uzi wa cherehani wa rangi ya sehemu ya katikati ya kikoi, na uzi mwingine wa rangi inayopiga kelele kwa ajili ya bandi, yaani mishono ya muda ya mkono inayofumuliwa baadaye.
- Sindano ya cherehani namba 14, mpya. Sindano butu huvuta nyuzi za kikoi na kuacha mistari.
- Pini nyingi nyembamba, angalau 40.
- Utepe wa mshazari wa pamba, mita 1, kwa ajili ya shingo.
- Mkasi wa kitambaa, chaki, tepu ya kupimia, rula ndefu, pasi, na chupa ya kupulizia maji.
- Kipande cha kitambaa cheupe kisichotumika.

Unaponunua, iwe Biashara Street kule Mombasa, Darajani Unguja au Kariakoo, usikubali kuchaguliwa. Vitandaze vikoi vyote viwili, kimoja juu ya kingine, ukingo kwa ukingo, utazame kama milia inalaliana. Vya mkono havilingani kama sarafu, na tofauti ya nusu sentimita si neno. Ikifika sentimita 2, rudisha kimoja.

Ukitaka kujua kama ni cha mkono, kiinue kwenye mwanga. Utaona mahali nyuzi zimesongamana na mahali zimeachana kidogo, na ukingo wake hautakuwa umenyooka kama wembe.

Maneno matatu ya kushika

Mtande ni nyuzi za urefu, zile zilizotandwa kwanza kabla ya kufuma. Ndizo zinazobeba milia, na ncha zake ndizo matamvua unayoyaona kwenye pande fupi za kikoi.

Mshindio ni uzi unaopita kwa upana, kwenda na kurudi.

Ukingo ni upande mrefu wa kikoi, pale mshindio unapogeuka na kurudi. Haufumuki. Hiyo ni mali, na nusu ya mwongozo huu ni namna ya kutoipoteza.

Vipimo nitakavyotumia

Kila nambari hapa chini ni ya mteja mmoja: kifua sentimita 100, bega hadi kiuno 42, na sketi ya kufika chini ya magoti, sentimita 84. Vikoi vyake vilikuwa na urefu wa sentimita 166 na upana wa 106 siku ya kununuliwa, bila kuhesabu matamvua. Wewe weka vipimo vyako mahali pake.

Hatua ya 1: Pima, fua, pima tena

Andika urefu na upana wa kila kikoi kwenye karatasi. Kisha vifue kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, kila kimoja kwenye beseni lake. Suuza mpaka maji yawe meupe. Anika kivulini kwa kukitandaza juu ya kamba mbili, kisining'inie kwa ncha moja. Kesho yake rudia.

Kwa nini mara mbili? Katika kitanda cha kufumia, mtande huvutwa ukakaa umekazwa muda wote. Nguo ikipata maji, nyuzi hulegea na kurudi kwenye urefu wake wa kweli. Kufua kwa kwanza hutoa sehemu kubwa ya kurudi huko, kwa pili humalizia. Pamba iliyofumwa kwa ulegevu hurudi asilimia 5 hadi 10. Vikoi vya mteja wangu vilitoka na urefu wa 158 na upana wa 101. Ziweke moyoni sentimita 8 zile, ndizo ambazo gauni lililoshonwa bila kufuliwa lingezipoteza.

Sasa suala la chumvi. Najua mama yako alikwambia utie chumvi, na wangu aliniambia hivyo hivyo, wengine wanatia siki. Chumvi ina kazi wakati wa kutia rangi, ndani ya sufuria ya rangi. Rangi ikishaingia kwenye pamba, chumvi haiifungi. Kinachochuja ni ile rangi ya ziada isiyoshika uzi, na dawa yake ni kuisuuza itoke.

Jaribu hivi: lowesha kitambaa cheupe, kilaze juu ya mlia mkali zaidi, pitisha pasi ya moto. Kikibaki cheupe, endelea. Kikidaka rangi, fua tena. Ikiwa baada ya mara nne bado kinachuja, usitumie kikoi hicho kwa gauni lenye sehemu nyeupe. Kifanye taulo la pwani.

Umefaulu ikiwa: vipimo baada ya kufua kwa pili havipungui zaidi ya sentimita 1 kutoka vile vya baada ya kufua kwa kwanza, na kitambaa cheupe hakina doa.

Hatua ya 2: Kinyooshe kikae mraba

Kunja kikoi katikati, matamvua yakutane na matamvua. Kama kingo zinalaliana lakini pembe moja imetangulia, mshindio umelala upande. Puliza maji, mwite mtu, mshike pembe zile mbili zilizo fupi, kila mmoja yake, mvute kwa mshazari polepole mara tatu nne. Kikunje tena uone.

Kisha piga pasi kikiwa na unyevu. Pasi uikandamize na kuiinua, usiisukume kama unayefagia. Kuisukuma kunapeleka mshindio upande uliouondoa sasa hivi.

Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Kikoi kilicholala upande kitakatwa vizuri, kitashonwa vizuri, na kitapinda pindoni siku ya kwanza kufuliwa.

Hatua ya 3: Kata mkanda kabla ya kitu kingine

Wengi huanza kwa kukata matamvua ili wapate kitambaa safi. Mimi pia nilianza hivyo, gauni langu la kwanza la kikoi. Nikajikuta na mkanda wenye ncha mbili kipara, na matamvua yenyewe yamo kwenye kapu la taka, yamekatwa vipande vipande na mwanangu anayacheza.

Twaa kikoi cha kwanza, cha sketi. Chagua ukingo mmoja uwe wa chini, yaani pindo la gauni. Mara nyingi pande mbili zinafanana, lakini vipo vikoi ambavyo mpangilio wa rangi wa upande mmoja si wa upande wa pili, kwa hiyo tazama na uamue.

Toka ukingo wa chini pima juu sentimita 86: urefu wa sketi 84, na 2 za mshono wa kiuno. Weka alama kila baada ya sentimita 20 kwa urefu wote. Kinachobaki juu, kwa mfano wetu sentimita 15, ndicho mkanda, pamoja na milia yake ya ukingo na matamvua yake pande zote mbili.

Hapa usivute uzi ili kupata mstari wa kukata. Uzi wa mtande wenye urefu wa mita moja na nusu utakukatikia njiani. Tumia mlia ulio karibu kama rula: pima kutoka kwenye mlia huo umbali uleule kote, chora, kata. Mlia umenyooka kuliko mkono wako na wangu.

Mrefu atakayetaka sketi ya kufika kwenye vifundo hatabakiwa na mkanda hapa. Asihofu, kikoi cha pili kinabakiza kipande.

Hatua ya 4: Kata sketi

Sasa ondoa matamvua ya sketi. Ingia sentimita 2 ndani kutoka pale matamvua yanapoanzia. Sababu ni kwamba mwanzo na mwisho wa kikoi ndipo mfumaji alipokuwa bado hajakaza au amekwisha legeza, na milia hapo hupanuka kidogo.

Mstari huu unakata mtande, kwa hiyo unafuata mshindio, na hapa kuvuta uzi ndiyo njia. Toa uzi mmoja wa mshindio kwa ncha ya pini, uvute taratibu huku ukikusanya kitambaa kwa mkono wa pili. Utaacha njia nyembamba kama ufa. Ukikatika, tafuta ncha yake uendelee. Kata ndani ya ufa huo.

Papo hapo piga zigizaga kwenye kingo mbili ulizokata. Kama cherehani yako ni ya mshono mmoja tu, piga mstari wa kawaida milimita 3 kutoka ukingoni. Kikoi kilichokatwa na kuachwa usiku mmoja mezani kwenye nyumba yenye paka na watoto hakitakuwa na kipimo ulichokikata.

Umefaulu ikiwa: una mstatili wa sentimita 154 kwa 86, ukingo uliofumwa uko chini na ni mzima.

Hatua ya 5: Kata sehemu ya juu

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Kigeuze kikoi cha pili ili milia isimame, itoke mbele, ipande begani, ishuke mgongoni. Kingo mbili zenye milia zitaangukia wapi? Kwenye ncha za mikono. Mikono inapata mapambo na pindo lisilohitaji kukunjwa, bure.

Urefu: bega hadi kiuno 42, ongeza 4 ili gauni lijazane kidogo juu ya mkanda, ongeza 2 za mshono. Jumla 48. Mbele na nyuma ni kipande kimoja, kwa hiyo 96. Ondoa matamvua ya upande mmoja kama ulivyofanya kwenye sketi, vuta uzi wa mshindio, kata kipande cha sentimita 96. Upana usiuguse, uache wote.

Kinabaki kipande cha kama sentimita 60 chenye matamvua upande mmoja. Kiweke.

Kunja kipande cha 96 kwa upana, mkunjo wa juu ndio bega. Kunja tena kwa urefu katikati, ukingo juu ya ukingo. Una tabaka nne. Funga kwa pini ili milia ya tabaka zote ilaliane, si ya juu tu. Ingiza kidole uhakikishe.

Kutoka mkunjo wa katikati pima sentimita 32: robo ya kifua ni 25, ongeza 5 za kupumua, ongeza 2 za mshono. Kutoka mkunjo wa bega pima chini sentimita 24, hii ni 22 za kina cha mkono na 2 za mshono. Mistari hii inakutana kwapani. Pembe yake izungushe kidogo, kama mdomo wa kikombe. Pembe kali itachanika siku ya kwanza unaponyoosha mkono kushika bomba la daladala.

Kata kipande cha nje cha chini, tabaka nne pamoja. Utapata vipande vinne vidogo, kila kimoja na ukingo wake wenye milia. Usivitupe, ni mifuko.

Shingo bado. Fungua tabaka ubaki na mkunjo wa bega tu. Tafuta katikati, weka sentimita 12 kila upande. Nyuma shuka 2, mbele shuka 10, chora nusu duara laini. Kata ndani ya mstari kwa nusu sentimita kwanza, kisha jaribu kupitisha kichwa. Shingo huongezwa, haipunguzwi. Na ukumbuke kupima kichwa kikiwa na nywele unazovaa kawaida: aliyesuka na asiyesuka si kichwa kimoja.

Hatua ya 6: Shingo, na usingoje

Mara tu baada ya kukata shingo, piga mstari mmoja wa mshono kuizunguka, nusu sentimita kutoka ukingoni, kabla hujaliinua gauni mezani. Mkato wa mviringo hupita kwenye nyuzi kwa mshazari, na hapo kikoi hutanuka kama ulimi. Nimepokea picha za shingo zilizoanza na upana wa 24 zikaishia mabegani, na wote walifanya kosa hili: walikata jioni, wakashona asubuhi, na usiku kipande kilining'inia kwenye kiti.

Kisha shona utepe wa mshazari upande wa nje, sentimita 0.7 kutoka ukingoni, ukiuvuta utepe kidogo sana. Chanja ukingo kila baada ya sentimita 2 bila kugusa mshono. Geuza utepe ndani, piga pasi, malizia kwa mkono au kwa cherehani.

Umefaulu ikiwa: ukilaza sehemu ya juu mezani, shingo inalala chini bila kusimama wala kupiga mawimbi.

Hatua ya 7: Mshono wa sketi, hapa ndipo wengi hukwama

Sketi ina mshono mmoja tu. Ncha mbili za mstatili zinakutana, na kwa kuwa ni za kikoi kimoja na ukingo mmoja, milia lazima ifuatane kwa rangi. Wanaopishanisha mwekundu na kijani walikata sketi vipande viwili, wakakigeuza kimoja juu chini bila kujua.

Tutatumia mshono wa mara mbili, unaoficha ncha za nyuzi ndani yake. Kikoi hakina upande wa ndani wala wa nje, kwa hiyo amua mwenyewe na uweke alama ya chaki upande wa ndani. Bila alama utachanganyikiwa, mimi bado huchanganyikiwa.

Laza ncha mbili, pande za ndani zikitazamana. Anza chini, pindoni. Linganisha ukingo na ukingo, choma pini. Kisha kila mpaka wa mlia choma pini: ipite kwenye mstari wa rangi juu, itokee kwenye mstari uleule chini. Geuza utazame. Ikitokea milimita 2 pembeni, itoe uichome upya.

Inawezekana milia haitalingana yote, kwa kuwa mfumaji alikaza zaidi asubuhi kuliko alasiri. Mlia wa kwanza unalingana, wa tatu umepishana milimita 3. Usivute upande mmoja kwa nguvu. Linganisha kwa uhakika pindo na mlia mpana unaoonekana kwa mbali, kisha igawanye tofauti kidogo kidogo katika sehemu ya katikati isiyo na milia. Huko hakuna jicho litakaloiona.

Sasa piga bandi kwa mkono, uzi wa rangi inayopiga kelele, mishono ya nusu sentimita. Nasikia mtu anasema pini zinatosha. Hazitoshi. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini, na mguu wake hukizuia cha juu. Kwa mshono wa sentimita 86, cha juu hubaki nyuma, na pini huinama kukifuata. Bandi haiinami.

Toa pini, shona sentimita 0.8 kutoka ukingoni, ukianzia pindoni kwenda kiunoni. Ukianza kiunoni, tofauti yote itaishia pindoni, mbele ya macho ya watu. Fungua, tazama milia upande wa nje. Imepishana? Fumua sehemu hiyo tu, sentimita 10, urudie.

Ukiridhika, punguza ukingo ubaki sentimita 0.5, geuza ili pande za nje zitazamane, piga pasi mshono ukae kwenye ncha, shona tena sentimita 1.2. Kufikia hapa sketi ina mzunguko wa sentimita 150.

Umefaulu ikiwa: ukisimama hatua tatu mbali, unautafuta mshono.

Hatua ya 8: Mbavu na mikono

Mshono wa mara mbili uleule, kuanzia ncha ya mkono, kupita kwapani, hadi kiunoni. Ukingo wa mbele na wa nyuma ni mmoja, kwa hiyo linganisha ncha ya mkono na milia yake itakaa bila ugomvi. Penye mviringo wa kwapa, baada ya mshono wa kwanza, chanja ukingo mara tatu au nne, la sivyo utakunjamana ndani.

Hatua ya 9: Kiuno

Sehemu ya juu ina mzunguko wa 120 kiunoni, sketi 150. Tofauti hiyo ndiyo marinda. Piga mistari miwili ya mishono mirefu kuzunguka juu ya sketi, sentimita 1.5 na 2.3 kutoka ukingoni, ukiacha ncha za nyuzi ndefu. Gawanya sketi robo nne kwa pini, na sehemu ya juu pia. Linganisha robo kwa robo, mshono wa sketi uukalishe ubavu wa kushoto. Vuta nyuzi za chini za mistari yote miwili pamoja, sambaza marinda, piga bandi, kisha shona sentimita 2 kutoka ukingoni, katikati ya ile mistari. Fumua mistari ya marinda, kunga kingo.

Marinda yanakaa kwenye sehemu isiyo na milia, ile ya pindo haiguswi. Ndiyo maana tulikataa mkato wa kupanuka.

Mifuko ishonwe sasa. Twaa vipande viwili kati ya vile vinne, ukingo wenye milia uwe mdomo wa mfuko. Kunja pande tatu zilizobaki, shona juu ya sketi mahali mkono unapofika.

Hatua ya 10: Mkanda na matamvua

Kunja upande uliokatwa wa mkanda mara mbili, nusu sentimita kisha sentimita 1, shona. Ukingo wa pili hauhitaji chochote.

Matamvua yakiwa yamevurugika kwa kufuliwa, yaloweshe kidogo, yachane kwa vidole, usokote upya. Chukua kifungu cha nyuzi kama nane, kigawe mafungu mawili, yasokote yote mawili kuelekea kulia mpaka yaanze kujikunja, kisha yapitishe moja juu ya jingine kuelekea kushoto. Yataumana yenyewe. Funga fundo. Ukiyasokota na kuyapishanisha kuelekea upande mmoja, yatafumuka kabla hujafika mlangoni.

Kama umeshaharibu

Milia imepishana na mshono umeshakatwa ncha? Funika kwa utepe wa rangi ya mlia mmojawapo, ukaupitisha ubavu mzima pande zote mbili, uonekane umekusudiwa. Shingo imetanuka? Ingiza lastiki nyembamba ndani ya utepe wa mshazari, marinda yatakusamehe. Gauni limerudi baada ya kufuliwa? Lile pande la sentimita 60 lililobaki, ukilikata vipande vya urefu na kuvishona kati ya sketi na sehemu ya juu, litakupa kiuno kipana na urefu wa ziada. Usiligawe kwa jirani kabla gauni halijafuliwa mara ya kwanza.

Kama kitambaa chako si kikoi

Faso Dan Fani ya Burkina Faso na aso oke ya Wayoruba nazo ni za milia, lakini nyingi hufumwa kwa vipande vyembamba vinavyoshonwa ubavu kwa ubavu. Hapo usihesabu sentimita, hesabu vipande, na mshono wako uupitishe pale vipande vilipoungana badala ya kukata katikati ya kimoja. Kabla ya kufua, vuta kidogo kila muungano uone kama umeshonwa imara.

Netela ya Ethiopia inawachanganya wengi. Milia yake ya rangi hukaa kwenye ncha fupi na hupita kwa upana, maana imetengenezwa na mshindio. Mpangilio wangu wote ugeuze: kilichokuwa ukingo kwako kitakuwa ncha, na ncha hiyo hufumuka. Tena ni nyembamba, ya tabaka mbili zinazoteleza, kwa hiyo zifunge kwa bandi kwanza uzifanye kama moja, na uweke bitana.

Kulifua gauni lenyewe

Maji ya baridi, ndani nje, mkanda peke yake mara tatu za kwanza. Usilikamue kwa kulisokota. Likunje ndani ya taulo, ulikandamize, ulianike kivulini kwa mabega. Pasi ipite likiwa bado na unyevu, ukianzia pindoni, na matamvua uyafunge kwa kipande cha khanga kabla ya kuyatia kwenye beseni.